Alitoroka ao balimufungula?

Mama yangu anauza samaki wakavu wa Kasenga katika soko moja la Katuba, hapa Lubumbashi. Jumanne moja ya Mei 2024 alikuwa ameinama anapanga mafungu yake juu ya meza, akasikia mtu anauliza, "Fungu hii ni ngapi, mama?" Hakuinua macho. Sauti aliijua kabla ya kumwona mwenye sauti. Mkono wake wa kulia ukafunga samaki ndani ya gazeti kama unavyofunga kila siku, ukapokea noti ya franka 5,000, ukarudisha chenji. Yule mtu akaaga kwa heshima, "Aksanti, mama," akaondoka. Mama akaketi juu ya bidoni yake, na hapo ndipo mtoto wa dada yangu alipomkuta saa kumi jioni, samaki hawajafunikwa, nzi wametanda.

Mkono wa kushoto haukufanya lolote siku ile, kwa sababu haufanyi lolote siku zote. Vidole vyake vitatu havikunjiki tangu Februari 2019, na aliyeukata ni yule yule aliyenunua samaki.

Jina lake sitaliandika. Naye ana mama, na mama yake hajanikosea kitu.

Usiku ule wa 2019 kartye nzima ilikuwa giza. Walikuja watatu. Wawili wakabeba televisheni, gunia la unga na pesa za likelemba, mchango wetu wa zamu, maana mwezi ule ilikuwa zamu ya mama kupokea. Wa tatu alisimama mlangoni na panga, na ndiye aliyekuwa anasema "nyamazeni, nyamazeni". Mama akamtambua. Alikuwa kijana wa baiskeli ya makala, yaani mkaa, aliyekuwa akipita kwetu kila Jumamosi, akiita kutoka mwanzo wa barabara mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Mama akamwita kwa jina. Nimelifikiria mara nyingi mno: asingemwita kwa jina, huenda panga lisingeshuka. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga.

Alikamatwa baada ya siku mbili. Mama alisimama mbele ya majaji na bandeji yake, akanyoosha kidole cha mkono uliobaki mzima: ni huyu. Wenzake hawakupatikana mpaka leo. Majaji walizingatia kwamba alikuwa na miaka 22 na hakuwa amewahi kuhukumiwa, wakampa kifungo cha miaka 15, na kumwamuru amlipe mama fidia ya dola 3,000 kwa thamani yake ya franka. Njiani tukirudi mama alipiga hesabu kwa sauti ndani ya basi: 2019 na 15, ni 2034. "Nitakuwa na miaka 75," akasema. "Akirudi atanikuta mzee, sitakuwa tena na nguvu za kuogopa." Baadaye tukasikia amehamishiwa gereza la mkoa mwingine, mbali sana, na kwetu hilo nalo lilikuwa kama ukuta wa pili.

Kwa hiyo jioni ile ya Mei mama hakuuliza kwa nini, wala lini. Aliuliza jambo moja, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi:

"Alitoroka ao balimufungula?"

Asiye wa huku anaweza kudhani majibu hayo mawili yana uzito mmoja, kwa kuwa mtu yuko nje vyovyote. Hayana uzito mmoja hata kidogo. Aliyetoroka hana cha kupoteza. Anajificha, ana hasira, na anayemfahamu kwa sura ni hatari kwake. Aliyefunguliwa ana karatasi mfukoni na anajua karatasi hiyo inaweza kufutwa. Mama alihitaji kujua ni mtu yupi kati ya hao wawili aliyenunua samaki wake, ili ajue kama atalala nyumbani kwake usiku ule au kwa dada yangu kule Kampemba.

Na katika nchi yetu swali hilo si la mtu mwenye wasiwasi wa bure. Sisi wa Lubumbashi tunakumbuka Septemba 2011, watu wenye silaha walipovamia gereza la Kasapa na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Mmoja wao alikuwa Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wapiganaji wa porini, ambaye mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo tarehe 5 Machi 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa yaliyowapata watu wa Mitwaba na vijiji vya jirani. Mnamo Oktoba 2016 alitoka porini na wapiganaji wake, akapokewa kwa sherehe. Akaishi hapa mjini kwenye nyumba yenye ulinzi, kisha Machi 2020 akaondoka tena. Kuna wanawake na wanaume waliotoka vijijini wakaenda kusema mbele ya majaji walichokiona. Mara zote hizo alipotoka, akarudi, akatoka, hakuna sheria iliyomlazimu mtu yeyote kuwapigia simu.

Mwaka 2025 yalitokea makubwa zaidi. Tarehe 27 Januari 2025, siku waasi wa M23 walipoingia Goma, gereza la Munzenze lilibaki wazi na maelfu wakatoka, na wanawake waliokuwa wamefungwa humo walitendewa yale ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wengi wao waliteketea kwa moto. Katikati ya Februari ikawa zamu ya gereza la Bukavu. Binamu yangu anaishi Bukavu, na miaka kadhaa nyuma alitoa ushahidi katika kesi ya ubakaji wa jirani yake. Alipopata habari za gereza alihama nyumba mara tatu ndani ya wiki mbili, akiwa na mtoto mgongoni. Mpaka leo hajui yule mtu yuko wapi. Kule angalau tunaweza kusema ni vita. Habari ya mama yangu haina vita ndani yake. Ofisi zilikuwa wazi, mihuri ilikuwa mezani.

Nilitafuta jibu kwa siku kumi na moja.

Lazima niseme kazi yangu ni nini, kwa sababu ndiyo inayonichoma. Nina meza ya sekretaria karibu na mahakama: kompyuta moja, mashine moja ya fotokopi, jenereta ndogo na mwavuli mkubwa. Watu huniletea maneno yao, mimi nayachapa yawe barua. Barua ninazochapa zaidi ya zote, kwa mwaka wa tisa sasa, ni za familia za wafungwa zinazoomba ndugu yao afunguliwe kwa masharti. Watu wa hapa wanaziita kwa kifupi "kondisyoneli". Naijua sheria yake kama sala. Kifungu cha 35 cha kitabu cha kwanza cha kodi ya adhabu, yaani sheria ya makosa na adhabu zake: mfungwa anaweza kufunguliwa akiwa ametimiza robo ya kifungo, mradi amekwisha kukaa ndani zaidi ya miezi mitatu, aliyehukumiwa maisha, akiwa amekaa zaidi ya miaka mitano. Anayeamuru ni Waziri wa Sheria. Mkurugenzi wa gereza anatoa maoni, na parke, ofisi ya waendesha mashtaka, vilevile.

Robo ya miaka 15 ni miaka mitatu na miezi tisa. Nimepiga hesabu hiyo kwa ajili ya watu nisiowajua mara mia. Kwa ajili ya mama yangu sikuipiga hata mara moja. Siku ile ndani ya basi, aliposema 2034, mimi niliyekaa karibu naye nilikuwa naijua sheria, na nikanyamaza, sijui kwa sababu ya kumwonea huruma au kwa sababu sikutaka kuifikiria. Bado najilaumu.

Ofisi ya kwanza niliyokwenda, bwana mmoja aliniuliza, "Weye uko nani wake?" Yaani ndugu gani wa mfungwa: dada, mke, shangazi? Nikamjibu, mimi si wa mfungwa, mimi ni wa mama aliyekatwa mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari, akalifunga, akafungua lingine. Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayelitambua jambo wakati analisema, kwamba ndugu wa mfungwa ana mahali pa kuandikishwa, ana siku ya kutembelea, ana haki ya kuleta chakula na ya kuuliza faili limefika wapi. Upande wangu yeye hana dirisha. Ofisi ya pili walinituma ya tatu, na ya tatu wakanirudisha ya kwanza.

Siku ya kumi na moja, grefye mmoja, karani wa mahakama, anayenunua karatasi kwangu alinifanyia wema, akauliza kwa simu kwa wenzake wa kule gerezani. Akaja mezani kwangu saa sita mchana, akainama kidogo: "Balimufungula. Karatasi iko, imesainiwa." Ilikuwa imepita zaidi ya miezi miwili.

Nilimwambia mama jioni, tukila bukari na sombe. Alisema "Haya," akamaliza kula, akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Jambo hili ningependa mtu anayetunga sheria alisikie jinsi lilivyo. Jibu lilikuwa lile tusilolipenda, na hata hivyo jibu lenyewe lilimpa usingizi. Siku kumi na moja za woga zingeondolewa na simu moja ya dakika mbili.

Barua ya kumwombea sikuiona, wala haikuchapwa kwangu, lakini naweza kuisoma nikiwa nimefumba macho. Mwenendo mzuri gerezani. Majuto ya dhati. Familia inamsubiri na iko tayari kumpokea. Hana hatari yoyote kwa jamii. Maneno hayo nimeyachapa mimi kwa vidole hivi, na "jamii" ndani yake haijawahi kuwa na jina, wala meza ya samaki, wala mkono. Katika miaka tisa hakuna barua hata moja niliyochapa iliyomtaja mhanga. Hakuna familia iliyoniomba nimtaje, na sheria haiulizi.

Nisieleweke vibaya. Sipingi watu kufunguliwa. Wanaokuja mezani kwangu ni akina mama waliouza cherehani ili kumlisha mtoto aliye ndani, kwa sababu magereza yetu hayalishi mtu akashiba. Gereza la Makala kule Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500 na limekuwa likibeba mara nyingi zaidi ya hao. Tarehe 2 Septemba 2024 watu 129 walikufa humo katika jaribio la kutoroka, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Wengi walikosa hewa kwenye msongamano. Mtu akiniambia tufunge milango hadi siku ya mwisho ya kifungo, nitamwonyesha hesabu hiyo. Kijana aliyemkata mama yangu alikuwa na miaka 22. Siombi aozee ndani. Naomba mama yangu asiijue habari ya kufunguliwa kwake kwa kusikia sauti yake juu ya meza ya samaki.

Mwaka uleule wa 2024, miezi michache baada ya hayo, mwanafunzi wa sheria wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, aliniletea memwari yake, kazi yake ya kumaliza masomo, niichape, kurasa 84 za maandishi ya mkono. Ilihusu jambo hilihili, na sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mama. Nilichapa nikisimama kila mara kuuliza. "Yaya, unasoma ao unachapa?" akaniambia. Nilikuwa nasoma.

Humo ndimo nilimoelewa sheria yetu ilizaliwa wapi. Kodi yetu ya adhabu ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Mji huu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Mbelgiji aliyeiandika alikuwa na mfano wa nyumbani kwake, sheria ya 31 Mei 1888, mojawapo ya sheria za kwanza kwao za kumfungua mfungwa kabla ya siku zake. Zote mbili zina picha moja: upande huu mfungwa, upande ule waziri, na kalamu katikati. Mtu aliyeumizwa hayumo chumbani.

Wabelgiji wenyewe walikaa katika picha hiyo zaidi ya miaka mia. Kilichowatoa ni Marc Dutroux. Alihukumiwa mwaka 1989 kwa kuteka na kubaka wasichana, akafunguliwa kwa masharti mwaka 1992, kwa uamuzi wa waziri kama ilivyokuwa sheria. Mnamo Agosti 1996 alikamatwa tena, na nchi ikajua kwamba katika miaka ile ya uhuru wake alikuwa ameteka wasichana sita. Wanne walikufa, wawili kati yao wakiwa na miaka 8. Tarehe 20 Oktoba 1996 watu wapatao 300,000 walitembea Brussels wakiwa na nguo na maputo meupe. Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika. Uamuzi ukaondolewa mezani kwa waziri, ukapewa tume mwaka 1998, kisha sheria ya 17 Mei 2006 ikaleta mahakama za utekelezaji wa adhabu, zilizoanza kazi Februari 2007. Katika mahakama hizo mhanga akitaka anaandikishwa, anaarifiwa, na anaweza kusikilizwa kuhusu masharti yanayomhusu yeye: mfungwa asikae mtaa fulani, asimkaribie fulani, alipe fidia kidogo kidogo.

Nikamuuliza mwanafunzi yule: sisi je? Akanijibu, "Sisi tulibaki na ile waliyotuachia." Mwenye nguo aliona imechanika akashona mpya. Sisi tuliorithi ile ya zamani tunaivaa bado.

Hata kule mhanga hana neno la mwisho. Mwaka 2012 Michelle Martin, aliyekuwa mke wa Dutroux na mshiriki wake, alifunguliwa na kupokewa katika nyumba ya watawa huko Malonne, ingawa familia za watoto zilipinga na watu wakaandamana. Mwanzoni nilihisi ni kuwadhihaki wazazi wale. Sasa naona tofauti: walijua siku, walijua mahali, walisema waliyokuwa nayo moyoni mbele ya watu waliolazimika kuyasikia. Walishindwa, lakini hawakushtukizwa.

Sura ya Marekani ndiyo iliyonifanya niinuke nikanywe maji. Mwaka 1983 mwanafunzi wa California aliyeitwa Marsy Nicholas aliuawa na mpenzi wake wa zamani. Siku chache baadaye mama yake aliingia dukani kununua chakula, akakutana uso kwa uso na mtuhumiwa wa mauaji. Alikuwa ameachiliwa kwa dhamana, na hakuna aliyeiarifu familia. Niliposoma hapo nilimwona mama yangu. Nchi nyingine, wakati mwingine, duka lenye taa na meza ya samaki, lakini magoti ya wale akina mama wawili yaliishiwa nguvu kwa jambo lilelile. Kaka yake Marsy, Henry Nicholas, alitajirika kwa teknolojia, akaigharimia sheria ambayo wapiga kura wa California waliipitisha Novemba 2008, na watu wanaiita kwa jina la dada yake. Inampa mhanga haki ya kuarifiwa mtu anapofunguliwa, na ya kusikilizwa kila kikao cha kumfungua mfungwa kinapofanyika.

Kuna sehemu ya sheria hiyo ninayoikataa. Inaruhusu mfungwa aliyekataliwa asubiri hadi miaka 15 kabla ya kikao kingine, wakati zamani alisubiri mwaka mmoja hadi mitano. Hapo haki ya mhanga imegeuzwa kufuli la mlango wa mwingine. Ningekuwa mimi ninayeandika sheria yetu, ningechukua simu na kuacha kufuli.

Simu nayo ina historia yake. Desemba 1993, huko Kentucky, msichana aliyeitwa Mary Byron aliuawa siku aliyotimiza miaka 21, na mwanamume aliyekuwa amefungwa kwa kumdhulumu. Alikuwa ameachiliwa kwa dhamana, na Mary hakupewa habari. Mwaka uliofuata kaunti yake ikaanzisha mtambo unaopiga simu wenyewe: mfungwa akitoka, namba ya mhanga inalia. Ulikuwa mwaka 1994, mashine za wakati huo. Leo Lubumbashi hii mama yangu muuza samaki anapokea malipo kwa simu, na kampuni inamtumia ujumbe kila akiingiziwa franka 500. Mtu akiniambia jambo hili ni gumu kwa nchi maskini nitamwonyesha simu ya mama.

Kwetu pia kuna sheria ya wahanga, na ni haki kuisema. Sheria namba 22/065 ya 26 Desemba 2022 inahusu ulinzi na fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono wa vita na wa uhalifu dhidi ya amani na usalama wa ubinadamu. Ina mfuko wake, FONAREV, unaopata asilimia 11 ya ushuru wa madini, yaani malori ya shaba na kobalti tunayoyaona yakielekea mpakani Kasumbalesa yanachangia. Nimeisoma mara mbili na ninafurahi kwamba ipo. Wanawake wa Mitwaba na binamu yangu wa Bukavu wanaistahili, na ilichelewa. Lakini mama yangu hayumo. Mkono wake haukukatwa na vita. Ulikatwa na jirani, usiku wa kawaida, na kwa wahanga wa usiku wa kawaida, ambao ndio wengi mjini, bado ni 1940.

Kuhusu zile dola 3,000 sina mengi. Ili hukumu itekelezwe unahitaji nakala rasmi, na nakala hiyo ina malipo yake, pamoja na ushuru unaopigwa kwa kiasi cha fidia yenyewe, usipokuwa na cheti cha umaskini. Yaani aliyekatwa alipe kwanza. Mama alisema hanunui hasira yake mwenyewe. Tukaacha.

Jumapili moja, baada ya misa, nilimuuliza: kama wangekuita kabla ya kumfungua, ungewaambia nini? Nilitegemea aseme wasimfungue. Alifikiri kwa muda mrefu, akikanda vidole vyake vitatu kama anavyofanya mvua ikikaribia.

"Ningewaambia asinunue kwangu," akasema. "Soko ni kubwa. Aende upande ule wa mama wa mihogo. Na asipite barabara yetu."

Masharti mawili. Sheria yetu hata ilivyo sasa ina nafasi ya kuyaweka, maana anafunguliwa kwa masharti, na akiyavunja karatasi inaweza kufutwa. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza mama, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba masharti yaliyohitajika ni meza moja na barabara moja.

Tangu hapo nimebadilisha barua zangu. Mtu akija kuniomba kondisyoneli ya ndugu yake, namuuliza kwanza: aliyeumizwa anaitwa nani, anaishi wapi, yuko hai? Kisha namwomba ruhusa ya kuongeza aya moja mwishoni, kwamba mfungwa anakubali kutokaa mtaa wa mhanga na kutomwendea, na kwamba familia inaomba mhanga aarifiwe kabla ya siku ya kutoka. Haina nguvu ya sheria. Ni karatasi tu ndani ya faili. Wengine wanakasirika, wanasema nataka kumharibia mtoto wao, wanahamia meza ya jirani, na siku hiyo napoteza pesa ya chakula. Simlaumu hata mmoja. Wengine wanaketi, wananyamaza, wanasema weka.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mzee wa Ruashi, mwanawe yuko ndani tangu 2020 kwa kumpiga mtu chuma. Nilipomuuliza jina la aliyepigwa, alifungua mdomo, akaufunga. Halijui. Miaka mitano amepeleka chakula gerezani kila wiki, na jina hilo hakuwahi kulisikia likitajwa popote. Anachojua ni kwamba ni baba wa duka la mkate, karibu na kwao, na kwamba tangu siku ile yeye hununua mkate mbali. Akauliza kama naweza kusubiri kidogo kuchapa. Anataka kwenda kuuliza mwenyewe.

Hajarudi bado. Barua yake iko kwenye kompyuta, imekamilika yote isipokuwa mstari mmoja.